Walikwambia kabla?

Mzee ninayemhudumia zamu ya jioni kwenye nyumba ya kulelea wazee ndiye aliyenifundisha futiboli ya Kimarekani, huku namfunga vifungo vya sweta lake. Ni sweta la kijani na njano, limefuliwa mpaka viwiko vimebaki nyuzi tupu, na siku ya mechi hakubali kuvaa jingine. Tuko mji mdogo wa Wisconsin, si mbali na Green Bay. Huku mtu haulizwi kama anashabikia Packers, kama vile Tanga usivyomuuliza mtu kama anaijua Coastal Union. Timu haina tajiri mmoja. Ni ya wanahisa zaidi ya nusu milioni, na mzee ni mmoja wao. Cheti chake kimetundikwa juu ya kitanda, mahali ambapo wenzake wameweka picha za wajukuu.

Kitu cha kwanza alichonielewesha ni kwotabeki. Huyu ndiye anayepokea mpira mwanzo wa kila shambulizi, anasoma mabeki wamejipangaje, kisha anaurusha au anampa mwenzake akimbie nao. Anacheza mmoja tu. Kwenye soka letu kocha akipata mshambuliaji wa pili anaweza kuwapanga wote wawili. Hapa kiti ni kimoja. Kijana akikaa, mkubwa amesimama. Ndiyo maana kila Aprili, timu 32 zinapogawana vijana wanaotoka vyuo vikuu, shughuli wanayoiita drafti, kwotabeki aliyevuka miaka 30 hana raha.

Mwaka 2005 Packers walikuwa na Brett Favre, miaka 35. Tangu Septemba 1992 hakuna mechi ya ligi iliyoanza bila yeye. Desemba 2003 baba yake alifariki, na kesho yake akaingia uwanjani Oakland akarusha pasi 4 za tachidauni, ndiyo magoli ya huku. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyeletewa Aaron Rodgers, kijana wa miaka 21 kutoka California, chaguo la 24. Favre aliwaambia waandishi waziwazi kwamba mkataba wake hausemi popote kuwa lazima amwandae Rodgers. Kijana amtazame, akiokota kitu ni chake. Mzee wangu anasema alimchukia yule kijana miaka mitatu mizima, bila kosa lolote. Machi 2008 Favre aliaga huku analia mbele ya kamera, kiangazi akabadili mawazo, akakuta kiti kina mwenyewe. Agosti akapelekwa timu nyingine, New York Jets.

Nilikuwa nakisikiliza kisa hiki kama kisa cha watu wengine, mpaka Machi 2023.

Nilikuwa kiongozi wa wahudumu wa zamu ya jioni kwa miaka 6. Si cheo kikubwa: dola kidogo juu ya wenzangu, funguo za kabati la vifaa, na jina langu juu kabisa kwenye ubao wa zamu. Jumatatu hiyo niliingia saa tisa kasorobo mchana, koti bado lina theluji, nikatazama ubao kama kawaida. Juu kulikuwa na jina la binti aliyeajiriwa miezi minne nyuma, wino wa buluu mbichi unang'aa. Langu lilikuwa la tatu. Wenzangu wawili walisimama pale wakijifanya wanasoma. Meneja alikuja baada ya nusu saa, akaniambia wanataka kiongozi wa muda mrefu, kwamba mimi magoti yananisumbua, na kwamba wangefurahi nikimfundisha kazi.

Usiku ule nilimpigia mama. Nilimwaga yote: umri wa yule binti, miezi yake minne, magoti yangu. Mama alisikiliza, kisha akauliza swali moja tu. "Walikwambia kabla?" Nikamwambia hapana, nimeona ubaoni. Akanyamaza kidogo. "Basi hilo ndilo linalokuuma, mwanangu. Mwenye nyumba hupigiwa hodi."

Nikamfikiria Rodgers. Aprili 2020, ana miaka 36, timu imetoka kushinda mechi 13 na kufika hatua moja kabla ya fainali. Drafti ilifanyika watu wakiwa majumbani kwa sababu ya korona. Mashabiki walisubiri Packers wachukue mdakaji wa pasi wa kumsaidia. Badala yake walitoa chaguo la ziada ili wapande kutoka nafasi ya 30 hadi ya 26, wakamchukua Jordan Love, kwotabeki. Rodgers alisimulia baadaye kwamba alipoona hivyo alijimiminia tekila. Watu wengi walimwita mwenye kinyongo. Mimi nilimsikiliza vizuri zaidi baada ya ule ubao. Malalamiko aliyoyatoa kiangazi cha 2021 hayakumhusu Love hata kidogo, na hao wawili walielewana vizuri. Alizungumzia wakongwe walioachwa bila heshima, na mtu aliyetumikia miaka yote hiyo kutoshirikishwa kwenye maamuzi yanayogusa kazi yake. Akajibu na uwanjani: tuzo ya mchezaji bora wa ligi mwaka 2020, na tena 2021.

Mwaka uliofuata ubao wangu, 2024, yakamkuta kwotabeki mwingine, Kirk Cousins. Machi alitia saini Atlanta Falcons mkataba wa miaka 4 unaoweza kufika dola milioni 180. Aprili, chaguo la 8, timu hiyohiyo ikamchukua Michael Penix, naye kwotabeki. Simu ya kumwarifu ilipigwa wakati saa ya kuchagua imeshaanza kuhesabu. Kabla ya Krismasi alikuwa amekaa benchi. Pesa alipata, tena nyingi, na bado naamini simu ile ilimuuma kuliko benchi.

Sasa niseme la kwangu ambalo silipendi. Siku tatu za mwanzo sikumfundisha yule binti kitu. Alikuwa Mkongo, amekulia kambini, Kiswahili chake cha Goma, ananiita mama. Akiniuliza jambo namwambia, "Tazama tu." Maneno ya Favre yaleyale. Siku ya nne nilipombadilisha mzee nguo nikakuta alama nyekundu nyongani, ngozi imechubuka ukubwa wa sarafu. Binti alikuwa amemburuta kitandani peke yake, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha. Mzee hakulalamika. Aliangalia cheti chake ukutani.

Niliketi na yule binti chumba cha kufulia. "Mama, miye sikujua kitu," akasema kabla sijafungua mdomo. "Waliniita tu."

Nilijua habari ya kwotabeki Alex Smith kwa sababu mzee humtaja kwa heshima, ingawa hakuichezea Packers. Mwaka 2012 San Francisco, Smith aliumia kichwa, na aliporudi Colin Kaepernick alikuwa ameshachukua nafasi. Akahamia Kansas City. Mwaka 2017 Chiefs, timu ya huko, wakapanda kutoka nafasi ya 27 hadi ya 10 kumchukua kwotabeki kijana, Patrick Mahomes. Smith alikuwa anakaribia miaka 33 na alijua kabisa kinachoendelea, maana kilishamkuta. Msimu ule alicheza vizuri kuliko misimu yake yote, na huku nyuma akamwachia kijana milango wazi: anavyojiandaa wiki nzima, anavyosoma mabeki. Mahomes mwenyewe amemshukuru hadharani mara nyingi. Smith hakupata pete ya ubingwa Kansas City. Sioni kama alilipwa haki yake.

Nikamfundisha. Shuka linakunjwa mara mbili, linapita chini ya mabega mpaka chini ya nyonga. Goti la mbali linakunjwa kwanza, mkono mmoja nyuma ya bega, mwingine nyuma ya nyonga, unamwambia mwenyewe kabla hujamgusa, kisha anageuka kama mlango. Haburutwi kamwe, ngozi ya mzee ni ganda la ndani la kitunguu. Kila baada ya saa mbili, hata kama amelala.

Meneja nilimwandikia barua. Hajaijibu mpaka leo, na bado nalitaka jibu lake.

Septemba 10, 2023, Jumapili, Love alianza msimu wake wa kwanza kama kwotabeki mkuu wa Packers, na wakawafunga Bears palepale Chicago, 38 kwa 20. Mzee alipiga makofi hadi nikamshika mikono. Jumatatu jioni alitaka kumwona Rodgers, ambaye Aprili alikuwa amepelekwa Jets kama Favre kabla yake. Shambulizi la nne tu tangu aingie uwanjani, Rodgers akaangushwa, akasimama, akakaa tena chini mwenyewe. Kano ya kisigino ilikuwa imekatika. Mzee aliomba nizime sauti lakini niache picha.

Binti akabisha hodi mlangoni, saa mbili zilikuwa zimetimia. "Mzee, tunakugeuza sasa," akamwambia, akashika upande wake wa shuka na mimi nikashika wangu.