Neno "gross" na sahani ya dagaa

Mpwa wangu ana miaka 9, kazaliwa Marekani, Desemba iliyopita ndo mara ya kwanza anakuja kwa bibi yake Tanga. Jioni ya pili mama kaweka mezani dagaa wa kukaanga, wana vichwa na macho yao, ndimu pembeni, mtoto kachungulia sahani, akakunja pua, akasema "gross". Mama akanigeukia, eti amesemaje huyu?

Nikakwama. Maana wengi wetu gross tunaijua kwenye slipu ya mshahara, ile hela kabla hawajakata kodi, na ni neno lilelile jamani, asili yake Kifaransa, gros, yaani kubwa au nene, Waingereza wakalichukua likawa pia kitu cha hovyo kisicho na ustaarabu, halafu mwishoni mwa miaka ya 1950 wanafunzi wa Marekani wakaanza kulitumia kwa kitu kinachotia kinyaa. Leo watoto wa kule wanalimwaga tu, soksi imelowa gross, nywele kwenye sinki gross, baba na mama wakibusiana gross.

Sasa nimwambie mama "anaona kinyaa"? Siwezi. Kinyaa kwetu ni kizito, ukikitaja mbele ya chakula cha mtu umeshamgusa yeye mwenyewe, mikono yake, jiko lake, na hilo halisahauliki leo wala kesho. Halafu angalia tunavyosema, MIMI naona kinyaa, kiko kwangu, wakati kwa Kiingereza kitu chenyewe ndo gross, lawama zote kabebeshwa dagaa. Hata lile neno lao kubwa, disgusting, ndani yake kuna gustus ya Kilatini, ladha, yaani mambo yalianzia mdomoni.

Nikamwambia mama hajawahi kuwaona wakiwa na vichwa. Akamchambulia watatu, vichwa akala yeye.

Usiku tumekaa barazani nikamwambia mpwa wangu, hujatukana, najua kwenu ndo mnavyoongea, ila hapa sema "sijazoea". Akalirudia taratibu, sijazoea, sijazoea, mpaka likakaa mdomoni.

Kesho yake ikapikwa supu ya utumbo. "Bibi, sijazoea." Mama akamsogezea bakuli la mchuzi mtupu na kipande cha ndimu.