"Endorse": kitenzi kilichotoka mgongoni

Kamusi zitakwambia kitenzi cha Kiingereza "endorse" ni kuunga mkono. Sawa, ila mzizi wake hauna mkono, una mgongo. Kwa Kilatini mgongo ni dorsum. Wafaransa wa kale wakawa na endosser, kutia mgongoni, na Waingereza wakalipokea bila ile r ya dorsum; herufi hiyo ilirudishwa baadaye ili neno lifanane na Kilatini. Mshairi Mwingereza John Milton mwaka 1671 alilitumia kwa tembo waliobebeshwa minara ya wapiga mishale. Hapo hakuna idhini yoyote, ni mgongo tu.

Maana ya kukubali ilitokana na karatasi. Mwenye hundi alisaini nyuma yake ili haki ya kulipwa ihamie kwa mwingine, na saini hiyo ilikuwa na uzito. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1882, aliyesaini nyuma huahidi kwamba hundi ikikataliwa atamfidia aliyenayo. Asiyetaka mzigo huo huandika wazi pale pale kwamba hawajibiki. Ukisaini bila kumtaja mpokeaji, hundi inalipwa kwa yeyote aliyeishika, basi ikikudondoka umeumia. Na kama jina lako limekosewa upande wa mbele, saini kwanza kama lilivyoandikwa, kisha ukipenda ongeza saini yako halisi.

Kwa hiyo "endorse" ni zaidi ya kusifu: unaweka jina lako rehani kwa ajili ya mwingine. Ndiyo maana naona vichwa vya habari vya "amuidhinisha mgombea" vimepotoka. Idhini ni ruhusa, hutolewa na mwenye mamlaka. Bodi huidhinisha bajeti. Mwanasiasa anayemnadi mwenzake anamuunga mkono, au anampigia debe, basi. Kwa hundi, sema tu kusaini nyuma.

Mtego mkubwa zaidi uko barabarani. Uingereza, leseni ya udereva ikiwa "endorsed" usimpongeze mwenyewe. Makosa yaliandikwa kwenye leseni yenyewe, na siku hizi hubaki kwenye kumbukumbu zake kwa miaka 4 au 11 kutegemea kosa. Mwendo kasi huanzia pointi 3 za adhabu, na akifikisha 12 ndani ya miaka 3 anaweza kufungiwa kuendesha.