Nilivyoshuka Matema na sweta

Leo nimefungua ofisi saa tatu, vidole vimekufa ganzi hata uzi hauingii kwenye sindano, huu mwezi wa saba Mbeya mnaujua wenyewe, mlima Loleza umejifunika ukungu tangu jana. Wateja hakuna. Nimekaa na chai ya tangawizi karibu na cherehani nikasema ngoja niandike hili jambo maana limenikaa kifuani toka Jumamosi moja, sasa ni zaidi ya wiki.

Mi nina tatuu. Majirani zangu wengi hapa Mwanjelwa hawajui, na sio kwamba nawaficha, ni kwamba huku ukishaingia mwezi wa tano unavaa sweta mpaka wa nane, na hata miezi mingine asubuhi na jioni huachani nalo, kwa hiyo mkono wangu wa kushoto watu wameuona mara chache sana. Ni chane ya ndizi. Inaanzia karibu na kiwiko inashuka mpaka juu ya kifundo cha mkono, na chini yake kuna herufi mbili za jina la marehemu kaka yangu. Kaka alikuwa na fuso, alikuwa anabeba ndizi za Rungwe anazipeleka Dar, na akirudi hata kama ni saa nane usiku lazima apite kwangu agonge dirisha. Aliumwa siku nne tu, ndo ikawa basi. Hiyo 2016. Mwaka uliofuata nikaenda Dar kununua vitambaa, nikamtafuta kijana anayechora, nikamwambia afungue sindano mpya mbele yangu, akafungua, nikaumia masaa mawili na nililia ila sio kwa ajili ya sindano. Alinieleza kwamba wino unapita ngozi ya juu unaenda kukaa kwenye ile ya chini yake, ndo maana ngozi ya juu inabanduka kila siku na mchoro unabaki palepale. Hayo maneno yalinifariji sana, sijui kwa nini.

Sasa Jumamosi hiyo watoto wa shule ya Jumapili walikuwa na safari ya Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, Coaster mbili zimejaa, mi nilienda kama mzazi kwa sababu binti yangu wa miaka 8 alikuwemo na pia nilikuwa kwenye zamu ya kupika. Kwenye grupu la WhatsApp walikuwa wametuandikia wazazi tuvae kwa heshima. Nikavaa gauni la kitenge na sweta la sufu juu. Tumetoka saa kumi na moja alfajiri, Isyonje ukungu hata taa za gari la mbele huzioni, Tukuyu kimvua, watoto wamekunjana kama vifaranga. Afu mnaanza kushuka. Kutoka Mbeya mpaka ziwani unashuka zaidi ya mita 1,000 na mwili unahesabu kila moja, tulipofika Ipinda watoto wote walikuwa wameshavua masweta, wamama wamevua, dereva kavua, nimebaki mimi. Jasho linanitiririka mgongoni, jirani yangu kwenye siti ananiuliza dada unaumwa? Nikamwambia hapana, nimezoea.

Na kweli nilikuwa nimeamua tangu nyumbani. Kanisani na kwenye mambo ya kanisa mi najifunika, hakuna aliyenilazimisha. Mambo ya Walawi 19:28 naijua kwa kichwa, msichanje chale yoyote katika miili yenu kwa ajili ya wafu, wala msiandike alama miilini mwenu. Kwa ajili ya wafu. Wengine wakisoma pale wanaona neno alama, mi naona wafu, kwa sababu yangu ndo ya hivyo kabisa, nimeandika kwa ajili ya mtu aliyekufa. Nilishaenda kwa mchungaji tukaongea, akanisikiliza mpaka mwisho akaniombea, na yale tuliyoongea yatabaki pale. Ila sitaki kumkwaza mtu aliyekuja kusali, kwa hiyo nashusha mkono wa sweta na roho yangu inakuwa na amani.

Kilichonipata Matema ni kingine. Baada ya chakula tulikaa majini kuosha masufuria, wali ulikuwa umegandia chini, na huwezi kusugua sufuria la wali wa watoto arobaini ukiwa na mikono mirefu imelowa. Nikapandisha. Sijawaza hata. Nasugua na mchanga, mara nasikia mtu kachuchumaa pembeni yangu, katoto ka kiume kama miaka mitano hivi, kanakodolea macho mkono. "Aunti, mbona umejichora ndizi?" Nikamwambia ni ndizi za kaka yangu. "Ukioga haitoki?" Haitoki. Hakuamini. Akachovya kidole kwenye maji akaanza kunisugua polepole, ndizi ya kwanza, ndizi ya pili, anaangalia kidole chake kama kimechafuka, anarudia. Nilimwacha. Miaka yote hii hakuna mtu aliyewahi kugusa ile chane, hata mume wangu huwa anaiangalia tu, na huyu mtoto anaifuta kwa upole kama anamfuta mtu uso.

Mama yake akaja akamvuta mkono kwa nguvu mpaka mtoto akayumba, hakunisalimia, hakuniangalia, kaenda naye. Dakika tano baadaye mmoja wa viongozi wetu akaja, mama mtu mzima namheshimu sana, akainama akaniambia taratibu, "Dada yangu, samahani, naomba ushushe mkono wa sweta, hapa tumekuja na watoto." Nikamwambia sawa mama. Nikashusha, sufu imelowa, inanata, nikamalizia sufuria hivyo hivyo.

Yule mama kiongozi simlaumu, aliniambia vizuri na mimi mwenyewe nakubali kwamba kwenye kundi la watoto wa watu siamui peke yangu. Kilichoniuma ni kuvutwa kwa mtoto. Mtoto aliuliza swali zuri akajibiwa, afu akafundishwa kwamba yule aunti ni wa kukimbiwa. Mama mtoto, ungebaki ukamwambia mwanangu huyu aunti alichora kwa sindano, inauma na haitoki, wewe usije ukafanya, ningekuunga mkono palepale, ningemwambia hata mimi.

Na nisieleweke kwamba naona kila mchoro ni sawa kila mahali. Siku hiyo hiyo pale ufukweni kulikuwa na kijana kavua shati, mgongo mzima ana mwanamke aliye uchi, anacheza mpira mita chache kutoka kwa watoto wetu. Pale hata mi niliona avae shati, na kiongozi wetu mmoja wa kiume alimfuata akamwomba na kijana akavaa bila ugomvi, nikamheshimu. Kuna wakati nilisoma kwamba hata kwenye zile bustani za michezo za Disney kule Marekani, mgeni mwenye tatuu hazuiwi kuingia, anayezuiwa ni yule ambaye mchoro wake unaoonekana haufai mbele ya familia, na wafanyakazi wao waliokuwa wanalazimishwa kufunika, 2021 wakaruhusiwa kuonyesha ila sio ya usoni wala shingoni. Nikiangalia mi naona hapo wamepatia. Wanaangalia mchoro unasema nini. Chane ya ndizi inamwambia nini mtoto wa Rungwe ambaye amenyonya ndizi kabla hajaota meno?

Afu kuna bibi yangu mzaa mama, yuko Tukuyu, nikienda namwogesha mwenyewe maana mikono yake haina nguvu tena. Ana chale kifuani, mistari midogo midogo imepangana mitatu mitatu, alichanjwa na wembe akiwa mtoto anabanwa na kifua, wakampaka dawa nyeusi na ile dawa imebaki mle ndani mpaka leo, ukipitisha sabuni unazisikia kwa kidole. Na kule Mtwara wazee wa Kimakonde wana nembo za kuchanjwa usoni kabisa, wanapanda basi, wanaenda sokoni, wajukuu wamelala mapajani mwao. Sijawahi kusikia bibi anaambiwa ajifunike kwa sababu kuna watoto. Watoto wake walikua wanaziangalia wakiwa wananyonya. Najua zile ni za dawa na za kabila na yangu ni ya mashine ya Dar, sio kitu kimoja, lakini ngozi ni ngozi, na kote kilichoingia kimebaki mle ndani.

Hapo hapo kuna mtu lazima nimtaje, mtoto wa kaka, yuko kidato cha sita. Alinifuata mwaka jana, "Shangazi, na mimi nataka chane kama yako, ya baba." Moyo ulinipasuka. Nikamkatalia. Yule mtoto toka yuko darasa la nne anasema anataka uaskari, na matangazo ya ajira za polisi huwa yanaandika wazi kabisa, asiwe na alama za kuchorwa mwilini, hawaulizi ni ya nani wala kwa nini, unavua shati safari yako imeishia pale. Nikamwambia mwanangu baba yako hawezi kufurahi umfunge mlango kwa jina lake. Alikasirika wiki mbili hakupokea simu zangu. Sa hivi tumeelewana, anavaa saa ya baba yake, ile ya kamba ya ngozi, nimemtengenezea kitundu kingine maana mkono wake bado mwembamba.

Narudi kwenye safari. Tulivyopanda kurudi, Tukuyu usiku umeshaingia, Uyole kila mtu yuko ndani ya sweta lake na kofia, na hapo tena nikawa mtu wa kawaida kama wengine. Binti yangu alikuwa kanilalia mkono wa kushoto. Akaniuliza kwa kusinzia, mama ulifanya kosa? Nikamwambia hapana, tumeombwa tu tujifunike. Akasema sawa akalala.

Nilifikiri yameisha. Jana baada ya ibada nimesimama nje nasubiri mnada wa mazao uanze, nikasikia sweta linavutwa. Yule mtoto. Mama yake yuko nyuma yake kashika pochi, akanisalimia safari hii, akasema, "Wiki nzima ananisumbua, naomba umwoneshe ila fanya haraka, wanatuita." Tukasogea pembeni ya ukuta, nikapandisha sweta mpaka kwenye kiwiko, baridi ikanipiga. Akahesabu kwa kidole, moja, mbili, mpaka akafika 11. Nikamwambia ziko 12. Akarudia, 11. Nikamwambia moja imejificha, na yeye akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili akaanza kuugeuza.