Kiporo cha Technotronic

Leo siku ya nne na lile neno la kaka bado limenikwama kooni. Kiporo. Posa ya Zuhura imepokelewa Jumamosi, barua yangu ya uhamisho wa Handeni imetoka Jumatatu, hayo nitayaandika siku nyingine.

Ilikuwa hivi. Wageni wa posa wameshaondoka tumebaki wenyewe sebuleni, nikatoa ile kanda ya marehemu mjomba, mnaonisoma toka zamani mnaijua, ile aliyoshuka nayo melini mwaka 1991 akitokea Antwerp. Trip on This, albamu ya remiksi ya lile kundi la dansi la Ubelgiji, Technotronic. Nikaiweka kwenye redio ya mama, ile inayohitaji kupigwa kofi kidogo. Kaka akashika kasha, akasoma nyuma, akasema, "Mdogo wangu, si kiporo hiki? Nyimbo zilezile wamezipasha moto wakatuuzia tena." Nikasema, "Kaka, lakini..." Basi. Shemeji akacheka, mimi nikaenda kuosha vikombe.

Toka hapo namjibu kichwani. Naosha vyombo namjibu, niko kwenye daladala namjibu. Kaka, ni kweli nyimbo nyingi ni zile za albamu yao ya kwanza ya 1989, sikatai. Lakini si wewe unayegombania wali wa jana ukikaangwa asubuhi ukaletwa na chai ya rangi? Remiksi ndiyo hiyo. Ngoma inaachwa itangulie peke yake, besi inaingia taratibu, sauti ya yule dada inakatwa vipande inarudishwa na kurudishwa, DJ anapata pa kuunganishia wimbo unaofuata bila watu kuondoka uwanjani. Ile ni kazi ya kupika upya kaka, siyo kupasha. Na mwaka 1990 hicho kiporo kilifika namba 7 kwenye chati ya albamu Uingereza, mwaka uleule ambao Technotronic walikuwa wanamfungulia Madonna kwenye ziara yake ya Blond Ambition. Halafu kikatoka Ubelgiji kikaja mpaka Chumbageni, Tanga, ndani ya begi la baharia, tukakicheza disko toto Idi mbili mfululizo mpaka utepe ukaanza kuvuta, na kaka mwenyewe ndiye aliyekuwa anaurudisha kwa kalamu ya Bic!! Amesahau vipi?

Nilitaka kuandika haya tu nilale. Lakini jana usiku nikamwomba Naima anitafutie picha ya yule dada wa kwenye kava ya albamu ya kwanza, mwenye midomo ya bluu, nimtumie kaka. Yule ndiye nilimpenda kupita watu wote. Bara hatukuwa na TV mpaka 1994, kwa hiyo sura yake tuliijua kwenye kava tu, na mimi nikajipaka wino wa kalamu midomoni nikachapwa na mama nikaoga na maji ya chumvi ya machozi. Naima akaangalia simu akanyamaza kidogo, akasema, "Mama, huyu siye aliyeimba."

Anaitwa Felly, modo Mkongo, wao walimweka kwenye kava na kwenye video achezeshe midomo. Sauti ni ya Ya Kid K, binti wa Kinshasa aliyehamia Ubelgiji akiwa mtoto, na alikuwa kigoli tu wakati wimbo wao Pump Up the Jam unafika namba 2 Uingereza na Marekani. Nimekaa kitandani na ile simu mkononi nikajisikia vibaya, kama mtu aliyemshukuru mwenye nyumba kumbe chakula kapika mwingine aliyeko jikoni. Miaka thelathini na kitu!

Nikairudia kanda na hedifoni, sauti chini. Na kumbe kwenye remiksi hamna sura, ipo sauti tu, wanaiita peke yake, wanaiacha inaning'inia pale ngoma inaponyamaza, unasikia mpaka anavyovuta pumzi. Nilikuwa namsikiliza yeye siku zote. Nikalia kidogo, sijui nilikuwa namlilia yeye au mjomba.

Kaka sijamjibu. Asubuhi kanitumia "umefikaje kazini mdogo wangu", nikamwambia salama.

Halafu kuna hii mita ya maji. Nimefunga bomba zote, mpaka la chooni, na bado inazunguka, polepole lakini inazunguka, na fundi anasema labda itabidi tuchimbue sakafu ya jikoni kabla sijahama.