Kugeuza lupango ya makazi kuwa jengo la maduka na nyumba katikati ya Lubumbashi

Lupango (kiwanja) niliyoshughulikia iko katika komine Lubumbashi, yaani sehemu ya mji yenye utawala wake, kwenye zile bloku za zamani zilizochorwa kwa mistari iliyonyooka tangu mji ulipoanzishwa mwaka 1910. Ndani yake mlikuwa na nyumba moja ya chini, miti ya maembe, ukuta barabarani, na karatasi iliyoandikwa "makazi". Wenyewe walitaka maduka chini na vyumba vya kupangisha juu. Siku hizi katikati ya mji kuta nyingi za nyumba zimetobolewa zikawa milango ya maduka, na mtu anayeona hivyo hudhani kazi ni ya fundi tu. Lakini kazi hii huanzia kwenye karatasi. Huo ndio upande ninaoueleza hapa, kwa sababu ndiko watu wanakopoteza lupango na pesa.

Kwa sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, ardhi yote ya Kongo ni mali ya Serikali. Anayejiita mwenye lupango ana haki ya kuitumia tu, inayoitwa konsesio, na haki hiyo ina aina yake, muda wake na matumizi yake. Mambo hayo matatu yameandikwa kwenye mkataba na kwenye sertifika ya usajili. Usiyasome kwa haraka.

Aina kwanza. Konsesio ya kudumu hupewa mtu binafsi mwenye uraia wa Kongo. Kampuni na mgeni hupata konsesio ya kawaida, kama emfiteozi (haki ya kutumia ardhi kwa muda mrefu lakini wenye mwisho), ambayo hufika miaka 25 na huweza kurefushwa. Familia nyingi zinapotaka kujenga jengo la biashara huanzisha kampuni na kutaka kuiandikisha lupango, bila kujua kwamba wanatoka kwenye haki isiyo na mwisho na kuingia kwenye haki inayohesabiwa miaka. Benki nayo huihesabu. Mimi niliwashauri lupango ibaki kwa jina la mtu, na kampuni iwe mpangaji mwenye mkataba mrefu. Kwa jengo la ukubwa huu sioni faida ya kufanya vinginevyo.

Matumizi ndiyo yanayoamua utajenga nini. Kama karatasi inasema makazi, jengo lenye maduka linavunja sharti la mkataba, hata kama komine inapokea kodi za maduka hayo kila mwaka. Kodi ya komine haibadilishi mkataba wa ardhi. Nililirudia hili mara nyingi mbele ya watu walioshika risiti mikononi wakiamini kwamba wamekwisha kuhalalishwa. Neno lililotufaa sisi ni "matumizi mchanganyiko", yaani makazi na biashara pamoja. Ukiomba "biashara" peke yake, vyumba vya juu ndivyo vitakavyokuwa nje ya karatasi.

Kabla ya kuomba lolote, chukua sertifika uisome mstari kwa mstari. Juu utakuta volumu na folio, ambazo ni namba za kitabu na ukurasa katika ofisi ya konsavateri wa hati za ardhi. Sertifika huwa na nakala mbili za asili, moja inabaki kitabuni, nyingine anapewa mwenyewe. Kwa hiyo nilikwenda kuomba kwa maandishi taarifa za lupango kutoka kwenye kitabu, ili nakala ya nyumbani ilinganishwe na ile ya ofisi. Lubumbashi ina zaidi ya ofisi moja ya konsavateri, basi hakikisha kwanza lupango yako iko chini ya ipi. Kitabuni ndiko kunakoonekana ipoteka (rehani) na mapingamizi. Karatasi ya nyumbani inaweza kuwa safi kabisa huku kitabuni kuna deni.

Angalia pia tarehe. Sertifika ikishapita miaka miwili haishambuliki tena, na mwenye malalamiko hubaki na dai la fidia tu. Ikiwa bado haijafikisha miaka miwili, rudi nyuma uangalie ile ya kabla yake: nani aliuza, nani alirithi, je, warithi wote walitia sahihi? Hapo ndipo kesi nyingi za katikati ya mji zinapozaliwa, kwa sababu viwanja ni vikubwa, bei iko juu na wenye lupango wa kwanza wengi wamekwisha kufariki.

Kisha ukubwa. Kwenye sertifika huandikwa hivi: 00 ha 12 a 50 ca 00 %. Hiyo ni hekta sifuri, are 12 na sentiare 50. Are moja ni mita za mraba 100, sentiare moja ni mita moja ya mraba, na ile asilimia ni sehemu ya mia ya sentiare. Basi hapo ni mita za mraba 1,250, na lupango yetu ilikuwa mita 25 kwa 50. Ukubwa huo ndio unaoamua hata nani atatia sahihi mkataba: kwa kiwanja cha mjini kisichofika are 50, gavana anaweza kumkaimisha konsavateri, kikizidi hapo, faili hupanda mpaka kwa gavana mwenyewe.

Lakini namba ya karatasi haifanani daima na ardhi. Ita mpimaji wa kadasta (ofisi ya upimaji wa ardhi) atafute mawe ya mipaka kabla mchoraji hajafungua kompyuta yake. Kwetu mawe mawili ya mbele yalifukuliwa chini ya udongo mwekundu, na ukuta ulikutwa umesogea nje mita 1.2 kwenye upana wote. Mita 1.2 mara 25 ni mita za mraba 30 za barabara. Nafasi hiyo ni ya umma, na mali ya Serikali iliyo katika kazi ya umma haiuzwi wala haigawiwi mpaka iondolewe rasmi kwenye kazi hiyo. Aliyejenga juu yake akibomolewa hana anachodai. Mchoro wetu ulianzia kwenye mawe, ukuta ukarudishwa ndani, na hati ya upimaji ikatiwa sahihi na majirani wa pande zote. Sahihi hizo za majirani zina thamani kuliko watu wanavyodhani. Siku jirani akibadilika, au lupango yake ikinunuliwa na mwingine, karatasi hiyo ndiyo itakayosema.

Baada ya hapo ndipo nilipokwenda urbanizimu, yaani ofisi ya mipango ya mji. Huu ni mlango mwingine kabisa. Konsavateri anashughulika na haki ya ardhi. Urbanizimu inashughulika na kinachosimama juu yake. Msingi wake bado ni dekreti ya tarehe 20 Juni 1957, iliyoweka mpango mkuu wa mji na mipango ya pekee ya mitaa. Mji wetu ulichorwa kwa kutenga watu: mji wa wazungu upande huu, site (mtaa uliotengwa) ya Waafrika kule Kamalondo, na ukanda mtupu katikati. Ndiyo maana viwanja vya katikati ni vipana na vya Kamalondo vimebanana hadi leo. Ukijua hivyo utaelewa kwa nini kila mtu sasa anataka kukata au kupandisha majengo katikati, na kwa nini urbanizimu inauliza maswali mengi huko kuliko pengine.

Omba maoni yao kwa maandishi kabla ya kulipa mchoro kamili. Katika barua uliza mambo manne kwa majina yake: umbali wa kurudi nyuma kutoka mstari wa barabara na kutoka kwa majirani, CES, COS, na idadi ya ghorofa. Jibu la mdomo halina kazi.

CES ni sehemu ya ardhi inayofunikwa na jengo. COS ni jumla ya sakafu zote ukigawa kwa ukubwa wa lupango. Watu huchanganya viwili hivi na kuharibu mradi mzima. Tuchukue mfano wa lupango ya mita za mraba 1,250, na tuseme umepewa kurudi mita 5 mbele, mita 3 pande zote mbili na mita 3 nyuma. Upana unaobaki ni 19, urefu 42, kwa hiyo unaweza kujenga ndani ya mita za mraba 798. Lakini CES ikiwa 0.5, huwezi kufunika zaidi ya 625, hata kama nafasi ipo. Na COS ikiwa 1.5, sakafu zote pamoja zisizidi 1,875. Hapo una njia mbili: ghorofa tatu kamili za mita 625, au ghorofa nne za mita 468 hivi.

Wenye pesa huchagua tatu za 625, kwa kuwa duka la chini ndilo lenye kodi kubwa. Nilipendekeza nne. Sababu ni magari. Nafasi ya gari moja ni mita 2.5 kwa 5, lakini ukiongeza njia ya kuzunguka ni bora uhesabu mita za mraba 25 kwa kila gari. Magari 20 ni mita 500. Ukiwa umefunika 625, nje zinabaki 625, na magari yakichukua 500 zinabaki 125 tu za njia ya watu, tangi la maji, chumba cha takataka, shimo la maji machafu na lori la mizigo. Haitoshi. Ukifunika 468 zinabaki 782, na baada ya magari una 282. Magari yakikosa nafasi ndani hupanda njia ya waenda kwa miguu, na hapo mama anayeuza mboga ndiye anayefukuzwa badala ya mwenye jengo. Jambo hili linaniuma, na linazuilika kwenye karatasi.

Ghorofa huandikwa R+1, R+2, R+3. Ile R ni ya chini, kwa hiyo R+3 ni sakafu nne. Usiombe R+4 ukidhani ni nne. Uliza pia kama ngazi, baraza na chumba cha jenereta vinahesabiwa kwenye COS. Ghorofa ya chini ya ardhi sikuipenda hata kidogo: kuanzia Novemba hadi Machi mvua ni nyingi, maji ya ardhini hupanda, na pampu ikikosa umeme bidhaa zinaogelea.

Maoni ya urbanizimu yakiwa mkononi, unarudi kwa konsavateri kuomba kubadilisha matumizi. Faili yetu ilikuwa na barua, nakala ya sertifika, kitambulisho, hati ya upimaji pamoja na kroki (mchoro wa lupango), maoni ya urbanizimu, na uthibitisho wa kodi za ardhi. Malipo yote yafanyike benki kwa noti rasmi, yaani karatasi ya ofisi inayoonyesha unachodaiwa, yenye namba ya lupango, na usikubali noti yenye namba iliyokosewa hata tarakimu moja. Mwishoni unapata mkataba mpya, na sertifika mpya inachukua nafasi ya zamani. Soma neno la matumizi kabla ya kuondoka dirishani. Mwandishi anayenakili karatasi ya zamani hurudisha "makazi" kwa mazoea, na ukishaondoka kurekebisha ni faili nyingine.

Ruhusa ya kujenga inaombwa baada ya sertifika mpya. Ukiiomba mapema utapewa kwa matumizi ya zamani, na mchoro wako hautalingana nayo. Katika mchoro wa jengo mchanganyiko onyesha mlango wa wakaaji uliotengwa na wa wateja, ngazi yao wenyewe, na mita za maji na umeme za kila upande. Ukiunganisha vyote kwenye mita moja, mwenye friza tano chini atalipiwa na mjane wa juu, na ugomvi hauishi.

Kuna kazi ambazo "matumizi mchanganyiko" hayazifungulii mlango. Karakana, kinu, tanuri kubwa la mkate, ghala la mafuta, zote zinaweza kuangukia dekreti namba 13/015 ya tarehe 29 Mei 2013 kuhusu mitambo iliyoainishwa, na huenda zikadai uchunguzi wa komodo na inkomodo, ambapo majirani wanaulizwa kuhusu kelele, moshi na hatari. Mwenye jengo ndiye anayeitwa kwanza mpangaji akianzisha kazi hizo bila kibali. Kwa hiyo katika mikataba ya upangishaji niliweka orodha ya kazi zisizoruhusiwa, na sharti kwamba mpangaji akitaka kubadili biashara anaomba kwa maandishi.

Jengo likifika mwisho, omba watumishi wa ardhi waje kushuhudia kwamba limejengwa, waandike hati yao, na jengo liingizwe kwenye sertifika. Bila hivyo kitabu bado kinaonyesha nyumba ya zamani na maembe, na benki itakadiria hivyo hivyo. Peleka mchoro ulioidhinishwa pamoja nawe siku hiyo, maana jambo la kwanza watakalohesabu ni ghorofa.