Kama unaomba ruhusa

Leo siku ya sita na sentensi ya Mama haijanitoka kichwani. "Mbona unapiga kama unaomba ruhusa?" Basi. Hakuongeza neno. Alisema, kisha akavua miwani akaanza kuifuta kwa upindo wa nguo, kama mtu aliyetaja tu kwamba nje kuna wingu.

Nianze na mashine ya taipu, maana nimewachosha nayo tangu mwezi uliopita. Imefika. Siyo Lettera 22, ile taipureta ya Olivetti ya Italia iliyobuniwa na Marcello Nizzoli, ya mwaka 1950, iliyopewa tuzo ya ubunifu ya Compasso d'Oro mwaka 1954 na sasa imo kwenye jumba la makumbusho New York. Hiyo nitaendelea kuitazama kwenye picha. Niliyoipata ni Hermes Baby, taipureta ya Uswisi, ya kampuni ya Paillard kule Yverdon, walioanza kuzitoa mwaka 1935. Haifiki kilo 4. Ina kifuniko cha bati kinachobana juu yake. Ukikibana unashika mpini, unaondoka nayo kama umebeba kibegi cha mwanafunzi.

Aliyeniuzia aliapa kwamba "haina tatizo lolote". Kweli inafanya kazi. Ila herufi a ilikuwa inatoka kama doa, kwa kuwa tumbo lake lilishindiliwa wino uliogandamana na vumbi la miaka mingi. Nimeichokonoa kwa pini na mswaki wa zamani. Utepe ulikuwa umekauka kabisa, nikanunua mpya nikauzungusha kwa mkono kwenye vigurudumu vyake vilevile, na kwa siku mbili vidole vyangu vilikuwa vyeusi hadi kazini wakaniuliza nimetoka kupiga kura wapi. Mafuta sikutia hata tone. Mafuta yakiingia kwenye ile mifereji ya vijiti vya herufi hugeuka gundi, na kijiti kikipanda hakirudi. Rola, lile gogo la mpira linaloshika karatasi, nayo imekuwa ngumu kama mfupa, basi naweka karatasi mbili badala ya moja ili mlio upungue.

Jumapili akaja Mama.

Mnamjua Mama. Miaka 27 alipiga taipu za watu, kwenye yale majitu ya ofisini ya kilo 15 hivi ambayo hata ukiyasukuma hayasogei. Nilitaka aione hii ndogo. Niseme ukweli: nilitaka aisifie. Niliiacha mezani imefunikwa, nikasubiri akae, nikakifungua kifuniko taratibu kama anayefunua bibi harusi.

"Kumbe ndogo hivi," akasema. Akaigusa kwa kidole kimoja. "Haya, hebu piga nione."

Nikapiga. Ndipo akasema alichosema.

Na mimi nikafanya nini? Nikacheka. Kile kicheko changu cha kujikinga, mnakijua. Nikamwambia, "Aa, Mama, si ndiyo kwanza naanza." Akasema, "Haya." Hiyo "haya" nayo ina kesi yake, lakini tuiache kwanza, kesi ni moja kwa siku.

Tangu hapo nimetunga majibu yasiyopungua kumi. La kwanza lilikuwa la utovu wa adabu, nimelifuta hata kichwani. La pili lilikuwa maelezo marefu kuhusu vibonye vya kompyuta na vidole vya kizazi chetu. Jumatano kwenye mkutano, ule ambao tulitangaziwa kwamba idara yetu inaunganishwa na ya ghorofani na nusu yetu tutabadilishiwa kazi, mimi nilikuwa nikigonga vidole pajani chini ya meza: hapa napiga, au naomba? Alhamisi wifi kajifungua salama, wa kike, tunashukuru. Nilipoitazama picha ya mtoto nikaona amekunja ngumi zote mbili, nikawaza, huyu haombi ruhusa.

Kinachouma ni kwamba siamini alikuwa anasema vidole peke yake. Mimi ndiye ninayeanza kila barua pepe na "samahani kwa usumbufu", hata ninapomkumbusha mtu deni langu. Mimi ndiye mwenye lile bahasha la hadithi zangu ambalo kwa miaka mitatu nasema nalipitia kwa mara ya mwisho. Mama analijua lile bahasha. Hajawahi kuliuliza. Na mtu asiyeuliza jambo miaka mitatu, siku akisema sentensi moja, utaipimaje?

Basi Ijumaa usiku, baada ya kuona usingizi hauji, nikachukua karatasi nne, nikapachika karatasi tatu za kaboni, zile za kutoa nakala, katikati, nikapiga ukurasa mzima. Nilikuwa nimekumbuka masimulizi yake ya zamani: nakala ya kwanza ya mkubwa, ya pili ya mhusika, ya tatu ya idara, ya nne ya faili, na ole wako ile ya faili isisomeke. Nikazitenganisha. Ya kwanza safi. Ya pili inasomeka. Ya tatu ni kivuli. Ya nne, jamani, karibu nyeupe, kama imepumuliwa tu.

Nikacheka peke yangu, kicheko cha kweli safari hii. Kumbe ni hilo! Kwenye taipureta hubonyezi, unapiga: pigo moja fupi, kidole kinaondoka kabla herufi haijagusa karatasi. Ukikibonyeza kibonye kwa upole hadi chini, kijiti kinafika kimechoka. Mama alikuwa hata na mkono mwingine wa stensili, ile karatasi ya nta ya kurudufishia nakala nyingi, ambako utepe huondolewa na herufi yenyewe ndiyo inayokata. Alikuwa akisema ukizidisha nguvu, O inakatika duara zima na kudondoka, ukurasa unabaki na matundu. Kwa hiyo mtu huyu ana kipimo cha nguvu kwa kila kazi, na alinipima kwa sikio tu. Masikio yake yalisikia nakala ya nne.

Nikaenda mbali zaidi. Nikachukua ile nakala ya tatu, ya kivuli, kutazama ni maneno gani yamefifia. Nilitegemea kukuta "labda" na "samahani" ndizo hazionekani, ningepata cha kuwaandikia hapa kwa wiki nzima. Wapi! Zilizofifia ni A, popote zilipo. A inapigwa na kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole kisicho na nguvu hata ya kukuna sikio, na Kiswahili chetu kimejaa A kama mchanga. Andika "hakupapasa" uone kidole hicho kinavyoteseka. Wakati huohuo Q na X zimelala miguu juu, hazina kazi. Waliopanga vibonye hivi Marekani miaka ya 1870 hawakutuwazia sisi.

Halafu kuna ng'ombe. Kwenye mashine yangu kile kikoma cha juu kiko kwenye 8, na Baby haishushi herufi unapotaka alama ya juu, inainua kigari kizima pamoja na rola na karatasi. Nani anainua? Kidole kilekile kidogo cha kushoto. Alama ya mshangao haipo kabisa: unapiga kikoma, unarudi nyuma hatua moja, unapiga nukta chini yake. Mtu unajifunza kutoshangaa ovyo. Na 1 haipo pia, unaazima l ndogo.

Nikapiga mistari kumi ya A tupu. Mashine kwa wepesi wake ikawa inatembea mezani, nikaikunjia taulo chini. Baba watoto akatoka chumbani kuuliza napigilia misumari gani saa sita usiku. Mstari wa kumi ulikuwa mweusi. Nililala vizuri.

Sasa ya leo asubuhi. Nilikuwa nafuta vumbi ndani ya kifuniko, nikakuta karatasi imekunjwa mara nne na kusukumwa pembeni. Siyo yangu. Nikaikunjua. Juu kushoto kuna herufi kubwa tatu, nukta mbili, na mstari umepigwa chini yake:

YAH:

Baada ya hapo hamna kitu. Ukurasa mtupu hadi chini. Ile A ya katikati nyeusi sawasawa na wenzake, na mstari wa chini haukuzidi wala kupungua hata nusu herufi, wakati mikono hiyo ilishika taipureta mara ya mwisho kabla mwanangu mkubwa hajazaliwa.

Ina maana nilipotoka kwenda kubadili viatu nimsindikize, Mama alikaa akaweka karatasi. Na sasa nakumbuka kitu ambacho siku zote sita sikukikumbuka, kwa kuwa nilikuwa nimeshughulika na sentensi yake: nilimwita. Nilisimama mlangoni nikapaza sauti, "Mama, twende, giza linaingia." Nikasikia kengele ya mashine, ile ya mwisho wa mstari? Sikusikia. Nilisikia rola ikizungushwa haraka, ile krrr ya karatasi kuvutwa, naye akatoka akisema, "Nakuja, nakuja, mbona una haraka."

Nimeirudisha karatasi kwenye rola. Imenichukua robo saa kuilenga hadi mstari uleule, nukta mbili zikae pale zilipokuwa. Sijapiga kitu. Kifuniko nimekiacha wazi, na watoto nimewaambia atakayegusa atanijua. Kesho anakuja.

Halafu jambo lingine. Ufunguo wa mlango wa nyuma haupo kwenye msumari wake tangu juzi, kila mtu anasema si yeye, na mlango asubuhi niliukuta umefungwa.