Siku moja ya muuguzi wa utafiti: kutoka wodini hadi Kigombe

Saa 11:20 alfajiri

Kabla ya muadhini, jokofu. Jokofu letu la sampuli limefungwa kifaa kinachotuma ujumbe kwenye simu joto likipanda kupita kiwango, na leo umeme umekatika mtaa mzima. Nampigia mlinzi. "Jenereta imewaka?" "Imewaka sista, wewe lala." Silali. Nasubiri ujumbe wa pili unaoniambia tumerudi nyuzi 80 chini ya sifuri, ndipo nabandika chai. Mle ndani mna damu ya watu walioniamini, na ikishayeyuka siwezi kuwarudia kuwaomba nyingine.

Saa 1:15 asubuhi

Niko hospitalini, hapa Tanga mjini, wakati wa kupokezana zamu. Mimi ni muuguzi kwa taaluma, lakini siku hizi sigawi dawa wala sitandiki vitanda. Nimeajiriwa kwenye utafiti. Kituo chetu kina tafiti zaidi ya moja kwa wakati mmoja, kila moja na wodi yake. Majina yake siyataji, na wagonjwa nitakaowaeleza hapa nimewabadilisha mambo madogo madogo ili asitambulike mtu. Kazi yangu, ukiondoa vyeo na fomu, ni kujibu swali moja: baada ya tiba, yule mtu alikuwaje?

Swali linaonekana rahisi kwa sababu kitabu cha wodi kina jibu tayari. Karibu kila mstari umemalizika kwa neno moja: karuhusiwa. Naanza na kitabu cha tiata, nalinganisha na kitabu cha kupokelea wagonjwa, kisha faili, kisha MTUHA, yaani vitabu vya serikali vya takwimu za huduma za afya. Mara nyingi vinapatana. Visipopatana, mwenye ukweli huwa ni nesi wa usiku, na saa moja na nusu ndiyo huwa anatafuta mkoba wake aende nyumbani. Kwa hiyo mimi humuwahi mlangoni.

Kuhusu upasuaji kuna takwimu ninayoikumbuka karibu kila asubuhi. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa wa upasuaji Afrika: nchi 25, hospitali 247, wagonjwa zaidi ya 11,000. Takribani 2 kati ya kila 100 walifariki, mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wetu walikuwa vijana zaidi na wenye maradhi machache zaidi. Na katika kila vifo 100, 94 havikutokea siku ya upasuaji. Vilitokea kesho yake au baadaye, wodini, mtu akiwa ameshashonwa na kila mmoja ameshavua glavu. Utafiti ule ulimfuata mgonjwa akiwa bado hospitalini tu. Akishatoka getini, habari zake zilikuwa nje ya hesabu.

Saa 2:30 asubuhi

Raundi. Nazunguka na madaktari wa wodi tofauti kwa zamu, na kadiri miaka inavyokwenda naona kila idara ina kupona kwake. Daktari wa upasuaji anaangalia kidonda: kimekauka, nyuzi zimetoka, homa hakuna, aende. Wodi ya wazazi hesabu yao ni uhai: mama mzima, mtoto mzima, presha imeshuka, damu haivuji. (Trei yao ya dharura siku hizi ina asidi ya traneksamiki, na hiyo nayo ni kazi ya utafiti: wanawake 20,060 katika nchi 21, matokeo mwaka 2017. Dawa ilipunguza vifo vya kutokwa damu baada ya kujifungua, ili mradi ichomwe ndani ya saa tatu.) Wodi ya watoto wanataka kuona mtoto amekaa mwenyewe na ananyonya. Wodi ya magonjwa ya ndani ndiyo ngumu, kwani mwenye kisukari haponi, hutulia tu, na kutulia kwake kunategemea kama mwezi ujao atakuwa na hela ya dawa.

Mgonjwa naye ana kipimo chake. Mzee wa kitanda cha dirishani, aliyekatwa dole gumba la mguu kwa sababu ya sukari, hakuniuliza sukari yake imefika ngapi. Kaniuliza atavaaje ndala kwenda msikitini, maana kamba ya ndala hukaa palepale pasipokuwa na kidole sasa. Daktari alikuwa ameshahamia kitanda cha pili. Nimeliandika pembeni mwa fomu, kwa kuwa fomu haina kisanduku cha ndala.

Saa 4:00 asubuhi

Ridhaa. Hapa ndipo siku yangu hukwama, na sitaki iwe vinginevyo.

Mama mmoja wa upande wa Muheza yuko na mtoto wodi ya watoto. Hali imetulia, anastahili kuingia kwenye utafiti unaolinganisha tiba mbili ambazo zote zinatumika tayari. Namweleza kuwa atakayechagua tiba si mimi wala daktari, bali bahati nasibu, kama kurusha shilingi. Ananitazama vizuri.

"Kwa hiyo sista, daktari mwenyewe hajui ipi nzuri?"

"Hajui, mama. Angekuwa anajua, kurusha shilingi juu ya mtoto wako kungekuwa dhambi."

Kwa kuwa ametoka Muheza namsimulia mambo ya kwao. Hospitali ya Teule ilikuwa kwenye utafiti wa malaria kali ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2010: watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, kwinini upande mmoja, artesuneti upande wa pili. Waliopewa kwinini walifariki 10.9 kati ya 100, wa artesuneti 8.5. Dawa mpya ikashinda, na leo sindano ya kwinini si chaguo la kwanza tena. Watu hupenda hadithi hiyo. Mimi nataka asikie na ya pili, ya hospitali hiyohiyo pamoja na nyingine za Kenya na Uganda. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko wa damu uliodhoofika: wengine wakamiminiwa maji mengi ya dripu kwa haraka, kama miongozo ya dunia ilivyokuwa ikielekeza, wengine wakapewa taratibu. Kila mtu alitarajia maji ya haraka yaokoe. Ndani ya saa 48 walifariki kama 10.5 kati ya 100 kwa waliomiminiwa, na 7.3 kwa wasiomiminiwa. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake, matokeo yakatoka mwaka 2011. Bila kulinganisha, tungeendelea kumimina kwa nia njema mpaka leo.

Bibi yake mtoto, aliyekaa chini kwenye kanga akimenya chungwa, hana muda wa kuzunguka. "Hiyo damu mnauza?"

Pwani hii swali hilo si utani. Hadithi za mumiani ni za zamani. "Shikamoo bibi. Hatuuzi. Tunachukua kijiko kimoja cha chai, na ukitaka kuliona jokofu inapokaa, twende nikuonyeshe." Kakataa kwenda, lakini nadhani kutakiwa aende kulimpendeza.

Mama kaisoma karatasi mwenyewe, mara mbili, kisha akasema hasaini mpaka baba mtoto atoke kazini. Nimemwambia sawa, na moyoni nimefurahi. Anayenitia wasiwasi ni yule anayesaini kabla sijamaliza kueleza, kwa kuwa ameona koti langu jeupe na anadhani asiposaini mtoto hatotibiwa.

Saa 6:30 mchana

Maswali kutoka kitengo cha takwimu. Kompyuta yao haichoki. Leo inataka kujua kwa nini mgonjwa wa kiume hajajibiwa swali la ujauzito. Nimejibu kwa adabu. Wali, maharage, kachumbari, nikila huku nikijaza.

Saa 7:30 mchana

Kigombe. Hapa nitakaa kidogo, kwani ndiyo sehemu ya kazi hii isiyoonekana na watu.

Tunawafuatilia waliofanyiwa upasuaji hadi siku ya 30, kwani huo ndio muda unaotumika kuhesabu maambukizi ya kidonda. Leo nina watu wawili ambao hawakurudi kliniki: mvuvi aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri, na mama aliyejifungua kwa kisu. Namba ya mvuvi haipatikani. Ya mama inapokewa na shemeji yake, aliyeko Dar es Salaam. Nachukua bodaboda njia ya Pangani, tunapita Tongoni, tunapita mkonge, kijana akinieleza siasa za mpira kwa sauti inayomezwa na upepo.

Kijijini siendi nyumba ya mtu moja kwa moja. Nesi akionekana anaulizia mtu, jioni kijiji kizima kina jina la ugonjwa. Kwanza mwenyekiti wa kitongoji, kisha mhudumu wa afya wa kijiji, ambaye ananitembeza kana kwamba mimi ni mgeni wake.

Mvuvi hayupo. "Kaenda dago," anasema mkewe, "kambi za upande wa Mkwaja." Mtu aliyekatazwa kunyanyua vitu vizito yuko kambini anavuta nyavu. Je, huko ni kupona? Mkewe anasema kapona sana. Mimi siwezi kuandika hivyo mpaka nione kovu, lakini nakubali kwamba yeye anamjua kuliko mimi. Kaniandikia namba nyingine.

Nyumba ya pili nimepiga hodi, nimemwamkia mama mkwe, nimekaribishwa ukumbini, nikaletewa dafu. Mama mwenyewe yuko ndani na mtoto. Kila nikiuliza, mkwe anajibu. "Hajambo. Kidonda kimefunga. Tunashukuru Mungu." Nimelinywa dafu polepole, nikamsifia mjukuu, nikaomba nimwone mama nikiwa naye peke yetu kidogo, mambo ya kike. Ndipo yakatoka.

Siku ya tisa kidonda kilifunguka upande mmoja na kutoa usaha. Akaenda zahanati kwa miguu usiku, kafunikwa baibui, kwa sababu mchana asingeruhusiwa kutoka. Wakakisafisha, wakampa dawa, akarudi kila baada ya siku mbili mpaka kikafunga. Kadi ya zahanati anayo, chini ya godoro.

"Mbona hukuja hospitali, mwanangu?"

"Nilikuwa ndani ya arobaini, sista."

Kwenye faili letu huyu ni mgonjwa aliyeruhusiwa akiwa salama. Kama tungewahesabu wanaorudi kliniki tu, asingekuwepo, na hesabu yetu ya maambukizi ingependeza. Siku ya 30 iko ndani ya siku 40. Aliyepanga ratiba ya utafiti hakuwa na sababu ya kulijua hilo. Itifaki, yaani mpango wa utafiti, inasema 30 na ndivyo ilivyoandikwa. Lakini maana yake ni kwamba pwani hii anayekuja kliniki siku ile ni mwenye mume wa gari, au asiyefuata mila, au aliyezidiwa kabisa. Walio katikati, wanaoumwa kiasi cha kwenda zahanati gizani na si kiasi cha kuvunja arobaini, hatuwaoni. Hao ndio wengi.

Watu wa takwimu wana njia za kuziba mapengo ya namna hii kwa hesabu, na ni njia halali. Zinafanya kazi vizuri pale aliyepotea anapofanana na asiyepotea. Huyu hafanani.

Nimekiangalia kidonda. Kimefunga vizuri, homa hana, mtoto ananyonya. Nimepiga picha kadi ya zahanati kwa ruhusa yake na kuirudisha ilipokuwa.

Saa 11:15 jioni

Ofisini, vumbi mpaka masikioni. Naingiza kwenye kishikwambi: maambukizi ya kidonda, siku ya 9, yalitibiwa zahanati, hakulazwa. Fomu inaniuliza "chanzo cha taarifa" na kunipa machaguo mawili, faili la hospitali au mgonjwa mwenyewe. Kadi iliyokuwa chini ya godoro haimo. Nimechagua mgonjwa.

Nimempigia daktari aliyempasua. Kimya kidogo, kisha: "Huyo nilijua amepona kabisa." Si uzembe wake. Hakuna aliyewahi kumrudishia habari, na kwa mwaka mzima daktari anaweza kuamini kuwa vidonda vyake vyote vinafunga. Kaniomba orodha ya wengine. Nitampa tarakimu, si majina.

Saa 2:00 usiku

Nyumbani, na barua. Naandika rasimu kwa mtafiti mkuu nikipendekeza tubadili itifaki: mama aliyejifungua kwa kisu afuatwe nyumbani siku ya 30, na aje kliniki baada ya arobaini. Mtafiti mkuu akikubali, lazima ipite kamati ya maadili ya hospitali, kisha kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na nauli zangu ziongezwe kwenye bajeti, jambo ambalo kwa uzoefu wangu huchukua muda mrefu kuliko maadili.

Katikati ya aya ya pili mvuvi kanipigia mwenyewe. Kelele za mawimbi na redio nyuma yake. Anasema yuko mzima, ngiri imekwisha, dagaa wanapatikana, na hatarudi Kigombe mpaka mbalamwezi, maana giza likiisha hakuna cha kuvua kwa taa. Nimefungua kalenda ya mwezi kwenye simu. Mwezi mpevu unaangukia ndani ya siku ambazo itifaki inaniruhusu kumwona, kwa kubanana. Nimemwambia nitakuja. Wakati huohuo anitumie picha ya kovu. Haihesabiki kama uchunguzi, ila nitajua kama nina haja ya kumfuata Mkwaja kabla ya hapo.

"Nitatuma sista, nikipata bando."

Nimemtumia bando.